Ukoo wa Langoni: ripoti ya Ami

Mwanaisha: Asalaam aleikum. Skani ya Ami imetoka. Saratani ya utumbo mpana, na vivimbe 4 kwenye ini, vyote upande wa kulia. Hapa Lamu wamesema tu "imesambaa". Ndiyo basi?

Bi Zuhura: Waaleikum salaam mwanangu. Si basi! Damu ya matumbo hupitia ini kabla ya kufika moyoni, ndipo seli zinaponasa. Idadi ya vivimbe si swali kubwa. Swali ni hili: vikikatwa, ini litakalobaki litatosha? Ini lenye afya hutosha likibaki asilimia 20 hadi 25, lililochoshwa na kemo (dawa kali za saratani) 30, lililosinyaa kwa makovu 40. Tena libaki na mshipa wa kuingiza damu, wa kuitoa, na mfereji wa nyongo.

Twaha: Lisipotosha je, khalati?

Bi Zuhura: Huzibwa mshipa unaolisha upande wenye ugonjwa, kwa sindano, bila kupasua. Damu hugeukia upande usio na ugonjwa, nao hukua. Baada ya wiki 4 hadi 6 hupimwa tena. Usipokua, ini ni dhaifu, hawakati.

Shee wa famasi: Kemo ikitangulia upasuaji, kwa kawaida ni miezi 2 au 3, isivutwe sana. Dawa za kemo zenyewe, oksaliplatini huumiza vimishipa vya ini, irinotekani hulijaza mafuta. Akipewa na bevasizumabu, dawa nyingine ya saratani, zipite kama wiki 6 kabla ya kisu, maana huchelewesha kidonda kufunga na huweza kufanya damu itoke. Na MRI ya ini, picha ya mashine ya sumaku, ipigwe KABLA ya dozi ya kwanza. Kivimbe kikitoweka kwenye picha, mara nyingi seli bado zi hai pale pale, na daktari atahitaji kujua kilikuwa wapi.

Twaha: Utumbo na ini haviwezi kukatwa siku moja?

Bi Zuhura: Huweza, kipande cha ini kikiwa kidogo. Nusu ya ini pamoja na utumbo wa chini, hapana: utumbo ukivuja pale uliposhonwa, usaha huingia mwilini na ini lililobaki halina nguvu ya kupambana. Ila utumbo ukiziba, huo huanza.

Shee wa famasi: Miti shamba yote aache tangu leo, tafadhalini. Baadhi huumiza ini.

Mwanaisha: Tunavuka Mokowe kesho alfajiri, kwenda Mombasa. Nichukue nini?

Bi Zuhura: CD ya picha zenyewe, karatasi ya ripoti haitoshi. Majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa, na kipimo cha damu cha CEA, alama ya saratani hii. Omba aonwe na daktari wa upasuaji wa ini pamoja na wa saratani, kabla kemo haijaanza.

Mwanaisha: CD wameniambia niifuate baada ya adhuhuri. Natoka sasa.