Tupeane uzoefu: unapangaje malengo ya kusoma yanayotekelezeka, nawe ni mhakiki wa kujipendea tu?

Mwanzisha Mada

Ndugu wasomaji, salaam. Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo linalotugusa sisi tunaohakiki vitabu kwa mapenzi, bila mshahara wala mkataba: namna ya kujiwekea malengo ya kusoma ambayo hayageuzi kila kitabu kuwa deni. Goodreads, mtandao wa wasomaji wa vitabu, ilianzisha changamoto yake ya kusoma ya mwaka mzima mwaka 2011, na siku hizi kila Januari watu wengi hutangaza idadi ya vitabu watakavyosoma. Wapo wanaotaja 52, yaani kitabu kimoja kwa juma. Naiheshimu nia hiyo, lakini naamini kwamba mhakiki anahitaji hesabu ya namna nyingine.

Tuichukulie riwaya ya kurasa 300, ambayo kila ukurasa una maneno 250 hadi 300. Utafiti kuhusu watu wazima wanaosoma Kiingereza unaonyesha wastani wa maneno 240 hivi kwa dakika katika kusoma kimyakimya. Kwa Kiswahili, ambacho maneno yake ni marefu zaidi, idadi hiyo hupungua hata kama uelewa ni uleule. Riwaya ya aina hiyo basi itakuchukua kama saa sita. Aliye na nusu saa kila siku ana saa 182 hivi kwa mwaka, zinazotosha vitabu 30 ikiwa atasoma tu na kunyamaza. Lakini uhakiki wenye uzito hudai kurudia vifungu, kulinganisha sura, kuandika na kusahihisha, na kazi hiyo hula saa tatu au nne kwa kila kitabu. Hesabu ikifanywa kwa haki, vitabu 30 vinakuwa 18 au 20. Mimi hupanga kwa hesabu hiyo ya pili, kisha naacha robo ya mwaka wazi kabisa kwa ajili ya ugonjwa, wageni, kazi na kile kitabu ambacho mtu hakitarajii lakini kinamnasa. Ninyi mnafanyaje?

Mpenda Riwaya

Asante kwa mada. Mimi niliacha kuhesabu vitabu nikaanza kuhesabu muda, na uamuzi huo umebadilisha hata aina ya vitabu ninavyovichukua. Idadi ya vitabu ina tabia ya kukuchagulia: Oktoba ikifika nawe uko nyuma, mkono wenyewe unakwepa riwaya ya kurasa 700 na kuangukia kijitabu cha kurasa 90, si kwa sababu kijitabu ni bora, bali kwa sababu vyote viwili vinahesabiwa kimoja. Msomaji wa kawaida anaweza kuvumilia hilo, ila kwa mhakiki ni hasara kubwa, kwa sababu wanaomfuata wanamtegemea awaambie habari za vitabu vizito ambavyo wao wanasita kuvianza.

Lengo langu sasa ni kusoma kila asubuhi kabla sijagusa simu, hata kama ni kurasa chache. Siku nikiikosa, siilipi kesho. Naisisitiza hii ya kutolipa, kwa kuwa malengo mengi hufa pale ambapo kurasa za jana zinarundikwa juu ya za leo, mpaka mtu anakiogopa kitabu chenyewe.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimefurahi kuwasoma. Nitaongeza jambo ambalo halijaguswa, nalo ni kwamba lengo la mhakiki lazima lijumuishe kumbukumbu. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani aliyechapisha utafiti wake mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunayojifunza hupotea mapema sana, katika saa na siku za mwanzo, kisha upotevu hupungua kasi. Yeye alijipima kwa silabi zisizo na maana, na riwaya bila shaka hukaa akilini vizuri zaidi kuliko silabi. Hata hivyo, kila aliyewahi kuhakiki kitabu mwezi mmoja baada ya kukifunga anajua jinsi majina, mpangilio wa matukio na zile sentensi zilizomsisimua zinavyotoweka, yakabaki maneno ya jumla tu: kizuri, kinavutia, kinafundisha. Maneno hayo yanaweza kubandikwa kwenye kitabu chochote, kwa hiyo hayamsaidii msomaji wala mwandishi.

Desturi yangu ni kuweka kipande cha karatasi ndani ya kitabu tangu ukurasa wa kwanza. Siandiki maoni wakati wa kusoma. Naandika namba ya ukurasa na maneno mawili matatu, kama vile "hapa mama ananyamaza" au "rudi, msimulizi amejipinga". Nikimaliza, kabla sijafungua kitabu kingine, nakaa na karatasi ile nikaandika aya moja kwa ajili yangu mwenyewe: kitabu hiki kilitaka kufanya nini, na kimefanya kwa kiasi gani? Uhakiki kamili unaweza kusubiri, lakini aya ile haisubiri. Kwa sababu hiyo lengo langu halina idadi ya kusoma hata kidogo. Lina sharti moja tu, kwamba kitabu kipya kisifunguliwe mpaka aya ya kile kilichotangulia iwe imeandikwa. Kasi inajipanga yenyewe.

Na jingine, wanangu: si kila kitabu kihakikiwe. Vipo ninavyovisoma bila karatasi, bila kalamu, na simwambii mtu. Naviona hivyo kuwa ndivyo vinavyonirudishia hamu, na mhakiki aliyepoteza hamu huandika kwa uchungu hata juu ya kitabu chema.

Msomaji wa Nakala za Awali

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu aya isiyosubiri, na nitaijaribu.

Kwangu mimi malengo yaliharibiwa na wingi wa vitabu vya bure. Ukiwa mhakiki unaweza kuomba nakala za kielektroniki kabla kitabu hakijatoka, kwa mfano kupitia NetGalley, na kuomba ni rahisi kuliko kusoma. NetGalley wenyewe hupendekeza mhakiki awe ametoa maoni kwa asilimia 80 ya nakala alizopewa, na wachapishaji huweza kukitazama kiwango hicho wanapoamua wampe nani. Kanuni yangu imekuwa nyepesi: siombi nakala mpya mpaka ya mwisho iwe imehakikiwa, na kabla ya kuomba natazama tarehe ya kutoka kwa kitabu, nisije nikajikuta na vinne vinavyotoka juma moja. Pia nimeamua kwamba vitabu vya bure ninavyoviomba visizidi nusu ya ninavyosoma. Nusu nyingine ni vya kwangu, vya zamani, ambavyo hakuna anayenisubiri niviseme.

Nakala ikiwa ya bure, nasema hivyo mwanzoni mwa uhakiki. Nchini Marekani miongozo ya tume ya biashara inalitaka hilo tangu 2009, lakini hata pasipokuwa na sheria, msomaji ana haki ya kujua.

Shabiki wa Mashairi

Nina fupi tu. Diwani haina kasi. Shairi moja linaweza kukaa nami siku kadhaa huku nikilisoma kwa sauti, na katika orodha ya mwaka litaonekana kama kwamba sikusoma kitu. Kwa wanaohakiki ushairi, naomba msijilinganishe na wenzetu wa riwaya. Swali langu ni hili: kitabu kikikushinda, unakiacha lini, na je, unaruhusiwa kukihakiki?

Mwanzisha Mada

Ndugu, swali lako ni zito kuliko yangu yote. Kuhusu lini, mkutubi wa Marekani Nancy Pearl ana kanuni inayojulikana sana: soma kurasa 50 kisha uamue; lakini ukiwa umevuka umri wa miaka 50, toa umri wako kutoka 100, na jibu ndilo idadi ya kurasa unazodaiwa. Mwenye miaka 70 anadaiwa kurasa 30. Mimi naifuata kwa riwaya, ila nakipa muda zaidi kitabu cha mwandishi anayeanza.

Kuhusu kukihakiki, ninaamini unaruhusiwa kusema kwamba umekiacha, mradi utaje ulipoishia na kilichokuzuia kuendelea, na usikipe nyota. Nyota ni hukumu juu ya kitabu kizima, nawe mwisho wake hukuuona. Sentensi kama "niliishia sura ya tano kwa sababu mazungumzo ya wahusika yote yalikuwa na sauti moja" humfaa msomaji, naye anaweza kuamua kwamba jambo hilo halimkeri. Na katika hesabu yangu ya mwaka, saa nilizozitumia kwa kitabu nilichokiacha nazihesabu kama saa nyingine zozote za kusoma.