Mnatutoza kwa modeli hai, halafu mnatuchorisha picha ya simu

Jamani, hizi warsha za kuchora sura zinazoibuka Mji Mkongwe kila msimu wa wageni zinatia hasira. Tangazo linasema siku tatu, rangi za mafuta, modeli hai. Modeli yupo kweli: mzee wa watu kachukuliwa barazani, kavishwa kofia safi, kakalishwa kwenye kigoda kisicho na mgongo na kuambiwa asitikisike. Haipiti nusu saa shingo inazama, bega moja linashuka. Dawa ya mwalimu ni moja tu: anampiga picha kwa simu, anairusha kwenye kundi, na darasa zima linainamia simu. Mzee anabaki pale kama pambo.

Simu ikipiga kwa nusu mita, pua inavimba na masikio yanarudi nyuma, kwa sababu pua imeikaribia lenzi kuliko masikio kwa kama robo ya masafa yote. Halafu simu inasawazisha mwanga yenyewe bila kuulizwa: kivuli cha chini ya taya kinafifia, na ile bluu ya mwanga wa dirisha inayolala kwenye paji la ngozi nyeusi inageuka doa jeupe. Bluu ile ndiyo iliyowaleta watu darasani!

Modeli kuchoka si ajabu, kuna utaratibu wake. Kiti kiwe na mgongo. Akae dakika 20, apumzike 5. Kabla hajainuka, bandika tepu ya karatasi sakafuni kuzunguka nyayo zake na kwenye kiti pale mkono ulipolala, na mpe kitu kimoja cha kukitazama ukutani, msumari unatosha. Kwa masaa 3 unapata mikao 6, mapumziko marefu ya dakika 15 katikati, na muda wa kupanga stendi za kuchorea unabaki. Bila hivyo mwanafunzi anakimbizana na kichwa kinachoshuka, na mwisho anatoka na uso wenye jicho la saa tatu na mdomo wa saa tano.

Sasa mwanga, na hapa ndipo ujinga ulipopitiliza. Vitabu vya Ulaya vinasema modeli akae kwenye dirisha la kaskazini, na walimu hawa wanakariri tu. Vitabu havikukosea, kwao jua la mchana liko kusini mwaka mzima, dirisha la kaskazini linabaki na mwanga tulivu. Unguja iko nyuzi 6 kusini ya ikweta. Jua linatupita utosini mwanzoni mwa Machi, linahamia kaskazini mpaka mwanzoni mwa Oktoba, ndipo linarudi kusini. Kwa hivyo Juni na Julai dirisha la kaskazini ndilo linaloingiza jua lenyewe, mstari wa mwanga unatembea usoni mwa modeli kama mshale wa saa, na darasa linafuta na kuchora upya. Mkishindwa kukumbuka, sikilizeni upepo: ukivuma kusi, fungua dirisha la kusini, ukivuma kaskazi, fungua la kaskazini. (Upepo nao utaingia hapo hapo, kwa hiyo fungeni kanvasi kwa kamba. Akriliki, ile rangi inayochanganywa na maji, ndiyo itakukaukia kwenye brashi.)

Dirisha liwe moja tu, mengine yafungwe. Na zile kuta zilizopakwa chokaa zinarudisha mwanga upande wa kivuli, uso unakuwa bapa kama sahani. Tundika kaniki upande huo, kiasi cha mita moja kutoka shavuni, utaona taya linajitokeza papo hapo. Modeli akivaa kanga nyekundu, wekundu utapanda chini ya kidevu. Ama uchoreni, ama mbadilisheni nguo. Msimwambie mwanafunzi "macho yako yanakudanganya."

mti_wa_mkungu:
Umesahau ngozi. Wanawapa watu kahawia ya tyubu moja, ikitakiwa kung'aa wanatia nyeupe, ikitakiwa kuwa giza wanatia nyeusi. Matokeo ni uso wa majivu, kama mtu katoka kusaga chokaa. Nyeupe haing'arishi tu, inapoza na kufifisha. Ngozi yetu upande wa mwanga ipandishwe kwa oka ya njano (njano ya udongo) na nyekundu kidogo, nyeupe ije mwisho. Kivuli changanya sienna iliyochomwa (kahawia yenye wekundu) na altramarini (bluu iliyokolea), sienna izidi, kibaki na joto. Mng'ao wa paji na mgongo wa pua ni nyeupe yenye bluu kidogo, mguso mmoja, kisha brashi iondoke. Anders Zorn wa Sweden alisifika kwa kuchora nyuso kwa rangi nne tu: nyeupe, nyeusi, oka na nyekundu. Sasa tyubu 24 mnazowauzia wanaoanza ni za nini?

Na wafundisheni kufumba macho nusu kwanza! Mtu hajatenga mwanga na kivuli, tayari anahesabu kope.

pwani_mchanga:
Mimi langu ni vifaa. Wanakata marekani mbichi, wanapaka rangi ya mafuta moja kwa moja. Mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi yanakula nyuzi za pamba, miaka ikipita kitambaa kinavunjika kama mkate mkavu. Tieni praima, yaani rangi ya msingi, mikono miwili au mitatu, kila mkono ukauke. Na tabaka la kwanza la rangi liwe jepesi lenye tapentaini, mafuta yazidi kadiri mnavyopanda juu. Mkigeuza, la juu linakauka kabla ya la chini na uso unapasuka, masika ndiyo usiseme.

Matambara yenye mafuta ya kitani msiyarundike pembeni. Yanajipasha moto yenyewe na kuwaka. Yatieni kwenye kopo la bati lenye maji. Kwenye nyumba zenye boriti kuukuu na dari za mbao hilo si la kuchezea.

Jengine: zile brashi ngumu nyeupe ni manyoya ya nguruwe. Haiwi mtu anazishika siku tatu, nyengine anaziweka mdomoni, na hakuna aliyemwambia. Za nailoni zipo. Mwenye kutaka achague akijua.

stendi_tatu:
Yakhe, mnasema kama vile modeli ni bure. Kumlipa mtu siku tatu ni gharama, na wengine hapa hawataki kabisa kuchorwa sura, mtu anakubali asubuhi, jioni nyumbani wanamkataza. Picha ya simu ni akiba.

Mwanzisha uzi:
Asotaka kuchorwa ana haki yake, na anayekubali aulizwe pia kama picha yake itapelekwa kwenye makundi ya watu asiowajua. Hilo hamuulizi. Modeli akikosekana, wanafunzi wakalishane kwa zamu, mmoja anakaa mkao mmoja, kila mtu anachorwa. Hiyo ni bure kabisa, na bado ni mtu hai. Mkiona na hilo zito, badilisheni tangazo liandikwe "kunakili picha", punguzeni bei, na mzee mwacheni barazani kwake anywe kahawa.