Maji ya nyuma ya shingo ya mtoto katika wiki ya 12

Muulizaji, Lamu:
Assalamu alaikum, dada zangu. Nina mimba ya wiki 12, na juzi picha ya ultrasaundi ilionyesha kwamba maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto yana unene wa milimita 3.6. Tangu siku hiyo usingizi umenipaa, na mume wangu yuko baharini. Mliopitia haya mlistahimili vipi?

Jibu, Lamu:
Waalaikum salaam, mwanangu. Pole sana. Kipimo hicho huashiria uwezekano tu, hakithibitishi ugonjwa; ingawa kuanzia milimita 3.5 madaktari hutaka kuchunguza moyo na kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli za mtoto, wapo watoto wengi wanaozaliwa wazima baada ya majibu kama hayo. Mimi nilimwomba mamangu alale nami, kwa kuwa usiku ndio ulionishinda.

Jibu, Malindi:
Omba barua ya rufaa kwa bingwa wa uzazi, hata ikibidi kwenda Mombasa, akueleze kipimo cha kuchukua maji ya chupa ya uzazi kwa sindano ili kuchunguza kromosomu hizo, ambacho hufanywa kuanzia wiki ya 15 na kina hatari ndogo ya kuharibu mimba. Hulazimishwi kukikubali.

Muulizaji:
Ahsanteni. Usiku wa leo nitalala kwa mama.