Naomba ushauri: kulala ndani ya yurti na watoto wakati wa baridi kali

Ndugu wanachama, naomba ushauri wenu. Mimi na mwenzangu tunakusudia kulala siku tatu ndani ya yurti, lile hema la duara la wafugaji wa Asia ya Kati lenye kuta za sufu iliyoshindiliwa, pamoja na watoto wetu wawili, wa miaka 3 na 7, katika msimu ambao usiku joto hushuka chini ya nyuzi 0.

Kinachonitia hofu zaidi ni jiko la kuni lililo katikati. Nafahamu kwamba kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na kwamba kuziba njia za hewa ili kuhifadhi joto kunaweza kutuua sote usingizini. Kwa hiyo nitabeba kifaa cha kutambua gesi hiyo. Je, yupo aliyeacha moto uwake hadi alfajiri, au ni heri kuuzima na kutegemea mifuko ya kulalia? Mdogo hujifunua kila usiku, nami naogopa kumlundikia mablanketi mazito.

Tena, kwa kuwa ardhi hunyonya joto la mwili, mlitandika nini chini? Aliyewahi kulala hivyo na watoto wadogo anieleze tafadhali, hasa kuhusu jiko.