Kingamwili ya PSD-95 inatoa mkanda safi kwenye bloti, lakini haionyeshi sinapsi kwenye vipande vya ubongo

Mwanafunzi wa Neva aliuliza:

Wataalamu, naomba msaada katika jambo ambalo limenishinda kwa wiki sita sasa. Ninachunguza PSD-95, protini ya sinapsi (maungio kati ya niuroni), katika hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) ya panya wadogo wa maabara, nikitumia kingamwili ya monokloni (ya ukoo mmoja wa seli) ambayo nayo imetokana na panya, ya aina ya IgG2a. Kwenye westani bloti (kipimo kinachotenganisha protini kwa uzito kwenye jeli) inatoa mkanda mmoja karibu na kilodaltoni 95, na kwenye niuroni nilizokuza katika sahani, ambazo nilizikaza (yaani kuzihifadhi zisiharibike) kwa metanoli baridi, ninaona nukta nyingi zilizojipanga kando ya dendraiti (matawi ya niuroni yanayopokea ishara). Ubongo wa panya mzima ndio unaonitesa. Ninaukaza kwa parafomaldehidi ya asilimia 4 inayopitishwa moyoni, kisha ninauacha humo usiku kucha kabla ya kuukata vipande vya maikromita 40, na hapo nukta zinatoweka: unabaki ukungu mtupu, huku kuta za mishipa ya damu ziking'aa kuliko kitu kingine chochote. Nimeongeza kingamwili kutoka 1:500 hadi 1:100, na kilichoongezeka ni ukungu. Je, kingamwili ina kasoro, au kosa ni langu?

Mkongwe wa Histolojia alijibu:

Kingamwili yako haina kasoro ya wazi, na wala hukukosea hatua. Tatizo liko katika mahali protini hii inapokaa. PSD-95 imesongamana na protini nyingine nyingi katika bamba zito lililo chini ya utando wa upande unaopokea ishara, na bamba moja la wastani hubeba takriban molekuli 300 za PSD-95 peke yake. Parafomaldehidi hufunga protini jirani kwa jirani, na katika msongamano wa namna hiyo epitopu (sehemu ya protini ambayo kingamwili hushika) huzibwa kabisa, hata kingamwili ikakosa pa kupenya. Kwenye bloti protini imekwisha kukunjuliwa kwa sabuni na joto, na metanoli nayo hugandamanisha protini bila kuzifunga kwa viungo vya kemikali, ndiyo maana huko hukuona shida. Kuongeza kingamwili ambayo haiwezi kufika kwenye shabaha yake ni kuongeza kile kinachonata pasipohusika.

Jaribu kuzibua epitopu kwa pepsini, kimeng'enya kinachokata protini: miligramu 1 kwa kila mililita, katika asidi hidrokloriki ya 0.2 N, kwa nyuzi 37 za Selsiasi. Anza na dakika 3, 5 na 10 kwenye vipande vya ubongo uleule, kwa sababu muda ukipungua huoni kitu na ukizidi tishu hulegea na kuchanika mikononi. Binafsi nimepoteza vipande vingi kwa kuzidisha kuliko kwa kupunguza.

Msoma Darubini alijibu:

Nakubaliana na Mkongwe kuhusu kuzibwa kwa epitopu, ila ile mishipa ya damu inayong'aa haielezwi na sababu hiyo. Kingamwili yako ya kwanza ni ya panya na tishu nayo ni ya panya, kwa hiyo kingamwili ya pili (yenye rangi, inayoshika ile ya kwanza) inashika pia imunoglobulini (kingamwili za damuni) za mnyama mwenyewe zilizobaki katika mishipa na pembezoni mwake. Katika sahani hakuna damu, ndiyo maana huko picha ilikuwa safi. Chukua kipande kimoja usikitie kingamwili ya kwanza kabisa. Mishipa ikiendelea kung'aa, jibu umelipata. Dawa yake ni kuziba kwanza kwa Fab, yaani vipande vya kingamwili vinavyoshika imunoglobulini za panya, na kutumia kingamwili ya pili inayotambua IgG2a pekee, au kuhamia kwenye kingamwili ya sungura.

Nina shaka pia na imani uliyoiweka kwenye ule mkanda mmoja. PSD-95 ina ndugu, yaani PSD-93, SAP97 na SAP102, wanaofanana nayo kwa muundo, na baadhi yao hukimbia karibu nayo kwenye jeli. Hata uzito wenyewe hauaminiki sana, kwani hesabu ya amino asidi zake inatoa takriban kilodaltoni 80, si 95. Kipimo cha kweli ni tishu ya panya walioondolewa jeni la Dlg4, linalotengeneza PSD-95, mradi sehemu iliyoondolewa ndiyo inayobeba epitopu yako. Usipoipata, zalisha kila ndugu peke yake katika seli za kukuzwa, uone ni yupi anayeshikwa. Kuichanganya kingamwili na peptidi yake (kipande cha protini inachokishika) hadi ishara ifutike hakutoshi, maana mahali isipostahili kushika nako ishara itafutika vilevile.

Mwanafunzi wa Neva alijibu:

Nawashukuru nyote wawili. Kipande kisicho na kingamwili ya kwanza kilionyesha mishipa ileile iking'aa, na baada ya kuziba kwa Fab kimekuwa giza. Kwa pepsini ya dakika 5 nukta zimejitokeza vizuri katika safu ya CA1 ya hipokampasi, ingawa ni karibu na uso wa kipande tu. Sasa sinapsini, protini nyingine ya sinapsi niliyoitia rangi pamoja nayo kwa kingamwili ya sungura, imefifia mno, na pale inapoonekana haiko juu ya PSD-95 sawasawa.

Mkongwe wa Histolojia alijibu:

Hilo la pili lisikusumbue. Sinapsini iko upande unaotoa ishara, ng'ambo ya mwanya wa takriban nanomita 20, na vituo vya mawingu ya protini hizo mbili viko mbali zaidi ya hapo. Darubini ya kawaida, isiyotenganisha chini ya nanomita 200 hivi, itakuonyesha nukta mbili zilizoegemeana na kupishana kidogo. Zikilingana kabisa kila mahali ndipo ningeshuku rangi moja inavuja kwenye chujio la nyingine.

Kufifia kwa sinapsini ni kazi ya pepsini, ambayo haichagui cha kumeng'enya. Kwa protini mbili kwa pamoja, acha njia ya moyoni: gandisha ubongo mbichi upesi, ukate vipande vya maikromita 10 hadi 15 ambavyo kingamwili itavipenya, uvibandike kwenye kioo, kisha uvikaze kwa metanoli ya nyuzi −20 kwa dakika 10. Umbo la tishu halitapendeza kama la ubongo uliokazwa mzima, lakini epitopu zote mbili zitafikika bila pepsini. Kuziba kwa Fab usikuache, kwa sababu ubongo huo utakuwa na damu yake yote.