Tupeane uzoefu: umewahi kuwapeleka watoto kwenye bustani ya miti? Ilikuwaje?

Baba Wawili, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Juzi nimerudi kutoka bustani ya miti ya Amani, kule Muheza, Tanga, mimi na mama watoto na wanetu wawili: binti wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa miaka sita. Nimeona nisikae na haya peke yangu.

Watoto wetu wa mjini miti yote wanaiita "mti". Mwarobaini ni mti, mkungu ni mti, hata mwembe, msimu wa embe ukishapita, nao unarudi kuwa mti. Jambo hili lilikuwa linaniuma, maana mimi nimekulia kijijini na nilimjua kila mmoja kwa jina, kwa kuni zake na kwa ugonjwa unaoutibu.

Tulilala Muheza, asubuhi tukanunua machungwa ya njiani tukaanza safari. Ni barabara ya vumbi, kama kilomita 35. Unafika kwanza Zigi, penye nyumba ya zamani ya stesheni ya reli waliyojenga Wajerumani kubebea mbao, halafu ndio unaanza kupanda mlima kwelikweli. Kadiri mnavyopanda ndivyo baridi inavyoingia na msitu unavyosogea. Bustani yenyewe ilianzishwa mwaka 1902. Wajerumani walikuwa wanatafuta zao la kuwaletea fedha, wakachukua miti ya Asia na Amerika Kusini wakaipanda kuanzia bondeni hadi juu, waone upi unakubali wapi. Wao wameondoka, miti imebaki.

Tulichukua mwongozaji, kijana wa pale pale. Nilidhani ataanza na majina. Hakufanya hivyo. Aliwaambia watoto waokote jani lililoanguka, walifikiche, wanuse, kisha waseme linawakumbusha nini. La kwanza mdogo akapiga kelele, "Pilau!" Ulikuwa mdalasini. Wakacheka, wakakimbilia mti unaofuata.

Pale mdogo akanusa, akanyamaza. Akanusa tena. Akaniambia taratibu, "Baba, hii ni harufu ya babu."

Ulikuwa mkafuri. Mzee wangu tulimzika mwezi wa tatu. Siku ile kafuri inapondwa kwa ajili ya maiti, mtoto alikuwa amesimama mlangoni na hakuna aliyemwona. Miezi yote hii hakuwahi kuuliza neno juu ya babu yake, nasi tukajipa moyo kwamba ni mdogo, amesahau. Yule kijana alielewa, akatangulia na binti yangu kwenda kumwonyesha matunda ya msambu, yale makubwa kama mpira yanayoning'inia, ambayo wanakijiji huokota mbegu zake zikakamuliwa mafuta. Mimi na mdogo tukakaa kwenye mzizi. Nikamwambia asili ya kafuri ni mti kama huu, kwamba babu tulimwosha vizuri na kumtia harufu nzuri kwa sababu tunampenda. Akauliza kama babu alisikia baridi. Tulikaa pale zaidi ya nusu saa.

Baadaye tuliuona mkwinini, mti wa dawa ya malaria, na binti akagusisha ulimi kwenye kipande cha gome kikavu alichopewa. Uchungu wake ameusimulia mpaka tumefika Chalinze. Akaona pia kinyonga. Alikuwa anawaogopa sana, ila yule mwongozaji alimwambia asimame tu amwangalie macho, jicho moja linatazama huku na lingine kule. Alisimama.

Haya, nyie mliwapeleka wapi?

Mama Pendo, Nairobi

Pole sana kwa kumpoteza mzee, Baba Wawili. Hapo kwa mkafuri nimesoma mara mbili.

Sisi hatuendi mbali. Jumapili baada ya kanisa tunaingia Arboretum, bustani ya miti ya hapa Nairobi, na watoto watatu na leso mbili. Leso moja ya kukalia, ya pili ni ya mchezo wetu. Namfunga mtoto macho, namzungusha, nampeleka hadi kwa mti mmoja. Anaupapasa: gome lina mikunjo au ni laini? Lina gundi? Mikono yake inazunguka shina au haifiki? Kisha namrudisha, namfungua macho, nasema, "Nenda uutafute." Mara ya kwanza kifungua mimba wangu alichukua karibu dakika kumi. Sasa hivi anaenda moja kwa moja. Miti mingi pale ina kibao cha jina, hivyo akishaupata ndipo anasoma unaitwaje. Ukimpa jina kwanza, linapita. Akiupapasa kwanza, jina linakaa.

Historia yake nayo iliwagusa. Ilianza mwaka 1907, wakoloni wakitaka kujua ni miti gani ya kigeni inayokua haraka, maana treni zilikuwa zinakula kuni. Mwanangu wa pili akatazama juu kwa ule mkalitusi mrefu, akasema, "Kwa hivyo huu ulikuwa wa kuchomwa?" Nikamwambia ndiyo. Akauwekea kiganja. Tangu siku hiyo akifika lazima aende kuusalimia.

Onyo moja: kima na tumbili wa pale wamezoea watu. Walinyakua chapati mkononi mwa mtoto wangu mdogo, akalia hadi nyumbani. Chakula kikae ndani ya mfuko uliofungwa, na msiwalishe hata kama wengine wanawalisha.

Siku nyingine tunaenda Karura. Huko nawaonyesha mugumo, na nawaambia habari za Wangari Maathai, vile mwaka 1999 alipigwa hadi kutoka damu kichwani alipoenda kupanda mche kwenye msitu uliokuwa unagawiwa wajenzi. Nataka wajue kivuli wanachochezea kilipiganiwa na mama mmoja na wenzake.

Mtu wa Bamburi

Assalaam alaykum. Nyote mwasema misitu ya baridi, nami nitawapa mmoja uliomea juu ya jiwe.

Hapa Mombasa kuna Haller Park. Zamani palikuwa machimbo ya matumbawe ya kiwanda cha saruji, shimo jeupe, jua likipiga huwezi kufungua macho. Mwaka 1971 René Haller akaanza kujaribu miti aina kwa aina. Mingi ilikufa. Mvinje ndio ulioshika. Lakini majani ya mvinje, zile sindano zake, yalianguka yakakaa vile vile, hayaozi, na bila kuoza hakuna udongo. Walioleta ufumbuzi ni jongoo. Waliwaleta wale wakubwa wenye miguu myekundu, wakawaachia, nao wakawa wazitafuna zile sindano, na kinyesi chao ndicho kilichogeuka udongo.

Binti yangu mkubwa hawezi kuona jongoo, nyumbani akimwona hulia afagiliwe. Siku hiyo nilichuchumaa naye chini ya mivinje, nikaondoa sindano za juu kwa kidole. Chini yake pakavu, kisha pana unyevu, kisha pana udongo mweusi, mwembamba kama unga wa kahawa, na hapo chini likatokea jiwe jeupe. Kina chake hakizidi kiganja. Nikamwambia: msitu wote huu umesimama juu ya hiki, na hiki wamekitengeneza hao unaowafagia. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake, na hapa, mwanangu, jongoo wangetupwa kusingekuwa na mti. Alikaa kitambo, kisha akanyoosha kiganja jongoo apite. Alifumba macho, lakini mkono hakuuondoa.

Nuru_Tabora

Baba Wawili, swali. Nina mtoto wa miaka minne, huko Amani ataweza kutembea? Na mvua?

Baba Wawili, Dar es Salaam

Dada Nuru, wa minne ataweza njia fupi za ndani ya bustani, lakini utambeba wakati wa kupanda. Wangu wa sita alichoka saa saba mchana. Masika usiende kwa gari dogo, ile barabara inateleza na kona zake ni kali. Beba sweta, viatu vya kushika chini, nguo za kubadilisha na maji. Na usipange kuona vyote. Sisi tuliona miti kama kumi na miwili tu kwa siku nzima.

Bint Makunduchi, Unguja

Sie tuliwapeleka Kizimbani kwenye viungo, watoto saba wa nyumba mbili, na bibi yetu juu yake. Bibi ana miaka themanini na kitu, tukasema atakaa kivulini. Wapi! Kijana wa kutembeza alianza maelezo yake, bibi akamwambia, "Mwanangu, pumzika kidogo." Akashika bakora yake akatangulia.

Akawafukulia kipande cha mzizi wa mdalasini, kwa ruhusa ya mwenyewe, akawanusisha: mzizi haunukii mdalasini kabisa, wanukia kama dawa ya kuchua kifua. Watoto hawakuamini kuwa ni mti ule ule. Akapasua tunda la mzingefuri, mbegu zake nyekundu, akampaka mjukuu mdomoni, kisha akajipaka na yeye. Tulipofika kwenye mikarafuu akasimama. Akawaambia alipokuwa na umri wao alikuwa akichambua karafuu usiku kucha, vikonyo huku na karafuu huku, mpaka vidole vinawaka. Akawaonyesha anavyofanya, vidole vile vile vilivyopinda, tena haraka! Wote wakakaa chini wakaanza kuchambua.

Mie nimeishi naye miaka yangu yote na sikuwahi kusikia habari hizo. Ndugu zangu, mkienda, nendeni na wazee. Wakodishieni gari, wabebeeni kiti, lakini wawepo.

Kaka Rashidi, Kibaha

Nakazia la Bint Makunduchi. Nami naongezea jambo la usalama kwa sababu lilitupata. Tulienda Pugu mwaka jana, mtoto akasimama kwenye msafara wa siafu bila kujua, anatazama ndege. Walipoanza kuuma walikuwa wameshafika kiunoni. Usikung'ute nguo juu juu: mvue zote pale pale na mwondoe mmoja mmoja kwa vidole, maana wameng'ang'ania. Tangu hapo nguo zetu za msituni ni suruali ndefu iliyoingizwa ndani ya soksi, na kila tunaposimama kwanza tunatazama chini. Mtoto tulimrudisha wiki mbili baadaye, asibaki na hofu.

Mwana Muheza, Hannover

Nimesoma huku machozi yananitoka, maana Amani ni kwetu. Nimezaliwa chini ya milima hiyo na sasa ninalea wanangu Ujerumani.

Baba Wawili, je, mwongozaji aliwaonyesha dughulushi? Yale maua madogo ya zambarau, yanaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevunyevu, majani yake yana manyoya kama sikio la sungura. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyaona akampelekea baba yake mbegu. Yakafika hapa Hannover, kwenye bustani za Herrenhausen, na mwaka 1893 Hermann Wendland akayapa jina la kitaalamu, Saintpaulia. Leo yanauzwa kwenye vyungu karibu kila duka la maua huku.

Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa na wanangu dukani, nje theluji. Mdogo akachukua chungu akaniuliza ni ua gani. Nikamwambia hili limetoka kijijini kwa bibi. Akalitazama, akatazama dirishani, akasema, "Mama, nalo linasikia baridi kama wewe?"

Tulilinunua. Nimemfundisha asilimwagie maji juu ya majani, yanapata madoa. Tunaweka maji kwenye kisahani linywe kwa chini. Kila Jumamosi kazi hiyo ni yake. Mwezi wa saba tukijaliwa tunakuja nyumbani, na nimemwahidi kumpeleka alione likiwa kwenye mwamba wake.

Baba Wawili, Dar es Salaam

Dada, tuliyaona, karibu na kijito! Sikujua habari zake zote hizo. Mkija mtujulishe.

Fundi Seremala, Ilala

Jamani, kwa wenzangu wa Dar ambao nauli ya Tanga ni mtihani: msisahau bustani ya mimea pale Samora, jirani na Makumbusho ya Taifa. Nayo ni ya enzi za Wajerumani, ya 1893, na aliyeianzisha ni Stuhlmann, yule yule aliyekwenda kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Amani. Mimi naranda mbao kila siku, ila wanangu walikuwa wanaijua miti ikishakuwa kitanda. Hapo niliwaonyesha imesimama. Kuna mnazi wa Shelisheli, ule ambao mbegu yake ndiyo kubwa kuliko zote duniani, na kuna tausi wanaotembea wenyewe. Twende familia tatu nne Jumamosi ya kwanza shule zikifungwa. Mimi nitakuja na vipande vya mbao vilivyorandwa, watoto wafananishe na miti.

Mama Watatu, Mbagala

Mimi na wangu tupo. Nitapika maandazi.

Baba Wawili, Dar es Salaam

Nasi tupo, Fundi. Mdogo amekaa hapa pembeni yangu, nimemsomea. Anauliza kama Samora kuna mkafuri. Nimemwambia hilo tutalijua kwa kunusa, mmoja baada ya mwingine.