Naombeni ushauri: nikaange kahawa yangu au nirithi duka la tofu, huku kijijini Japani?

Binti wa Mbinga

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa na Mjapani, na huu ni mwaka wa sita tunaishi katika mji mdogo milimani, mkoa wa Shimane. Viza yangu ni ya mke, kwa hiyo kufanya biashara sikatazwi.

Watu huku wanaisha. Sensa ya 2020 ilihesabu watu kama 671,000 mkoa mzima. Mtaani kwetu kuna nyumba kumi na nne, na tano kati yake hazina mtu. Halmashauri inawatafuta kwa hamu watu wa kufungua biashara, na mimi wazo langu ninalo tangu siku niliyoona dukani pakiti ya kahawa imeandikwa "Kilimanjaro". Japani inaruhusu arabika ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, iuzwe kwa jina hilo, hata ikiwa imetoka Mbinga kwa baba yangu, kusini kabisa, mbali na mlima huo. Siku ile machozi yalinilenga. Nataka kukaanga kahawa hiyo na kuiuza kwa jina la kwao.

Nimepata nyumba iliyoachwa, zile wanazoita akiya, katika orodha ya halmashauri. Bei ni yen 800,000. Lakini fundi kaangalia paa, choo cha shimo na sakafu iliyoliwa na mchwa, akasema ukarabati ni yen milioni 6.

Sasa wiki mbili zilizopita mzee wa miaka 76, mwenye duka la tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) karibu na stesheni, kamwambia mama mkwe kwamba anafunga mwezi wa tatu. Watoto wake wako Osaka na hawarudi. Kisha akauliza: "Yule mkwe wako huamka saa ngapi?" Mama mkwe anataka nilichukue. Mume wangu kanyamaza. Akiba yetu yote ni yen milioni 2 na nusu. Nifanyeje?

Kijana wa Temeke

Dada, kahawa! Hiyo ndiyo damu yako. Tofu waachie wenyewe. Halafu naomba kuuliza, sisi wengine tunafikaje huko? Niliambiwa ukiwa na mtaji wa yen milioni 5 unapewa viza ya biashara.

Mkazi wa Kobe

Kijana, nikujibu wewe kwanza usije ukapoteza hela kwa madalali. Hiyo milioni 5 imepitwa na wakati. Tangu tarehe 16 Oktoba 2025 mtaji unaotakiwa ni yen milioni 30, na lazima uajiri angalau mtu mmoja wa kudumu. Kuna njia nyingine kupitia baadhi ya halmashauri, unapewa muda wa kujiandaa kabla ya kutimiza masharti hayo, lakini mpango wako uwe umeiva.

Dada wa Mbinga, nina miaka 17 hapa na kazi yangu ni ya bandarini. Gunia la baba yako usilitegemee kwa kuanzia. Kule nyumbani kahawa inapitia chama cha msingi cha wakulima na mnada, na huku kuna ukaguzi wa mabaki ya dawa za shambani. Nunua mbichi kwa waagizaji wa hapa Kobe, kilo chache chache, uone kama majirani watarudi kununua tena. Kukaanga hakuhitaji kibali; tangu sheria ilipobadilika Juni 2021, unatoa taarifa tu ofisi ya afya. Ukitaka kumimina vikombe, hapo ndipo kibali cha mgahawa kinapoingia.

Ila swali lako halisi ni nani atanunua. Tofu ya mzee ina wanunuzi leo asubuhi. Kahawa yako bado haina hata mmoja.

Mama Rukia

Mdogo wangu, kuna mpango wa serikali tangu 2009, Chiiki Okoshi Kyoryokutai. Halmashauri inakulipa mpaka miaka mitatu ukiufanyia kazi mji, na unaweza kupata hadi yen milioni 1 ya kuanzishia biashara. Wageni pia wanachukuliwa. Omba.

Mkazi wa Kobe

Mama, samahani, yeye hapati. Ule mpango ni wa wanaotoka mijini wakahamishia makazi yao shamba, na yeye tayari ni mwenyeji. Aende kwa chama cha wafanyabiashara wa mji wake, shokokai, aulizie ruzuku ya biashara ndogo. Na aelewe kwamba ruzuku nyingi huku hulipwa baada ya wewe kutumia pesa yako na kuleta risiti.

Fundi Tokushima

Dada, mimi ni wa Mombasa, nilinunua akiya. Bei ya nyumba isikuvute. Ile milioni 6 ya fundi itafika 8 ukifungua ukuta.

Ukiwa Shimane umesikia habari za Ama, kisiwani Oki. Mji wa watu wasiozidi 2,500, ulikaribia kufilisika. Mwaka 2005 wakaleta mitambo ya kugandisha samaki bila kuharibu ladha, na ngisi na chaza wao wakaanza kufika Tokyo kama wametoka majini. Ngisi walikuwepo tangu zamani. Wao waliongeza njia ya kuwafikisha. Mimi duka la mzee naliona hivyo hivyo. Mwaka 1960 Japani ilikuwa na watengeneza tofu zaidi ya 50,000, leo hawafiki hata 6,000. Huyo akifunga, mji wenu hautapata mwingine.

Kila mkoa una kituo cha kusaidia biashara zisizo na mrithi, ushauri ni bure, na cha kwenu kiko Matsue. Tangu Desemba 2023 hata kibali cha ofisi ya afya kinaweza kufuata biashara inapouzwa, huanzi upya.

Binti wa Mbinga

Ahsanteni sana. Juzi niliamka saa tisa usiku nikaenda kwa mzee. Alinipa buti na aproni bila maneno mengi. Nimeona soya inavyosagwa, inavyochemshwa, anavyomimina nigari, ile chumvi ya kugandishia, huku anahesabu kwa sauti ya chini. Mkono wangu ulitetemeka, tofu yangu ya kwanza ikapasuka. Akaila yeye.

Kisha akanionyesha daftari. Jiko la chakula cha shule, nyumba ya wazee, nyumba mbili za wageni, halafu majina ya wateja wa mtaani, thelathini na moja. Waliofariki kawapigia mstari. Ni tisa.

Nimemwomba miezi mitatu ya kujifunza kabla ya kusaini chochote, kakubali. Nyuma kuna chumba cha magunia ambacho hakitumiki, na sasa hivi mume wangu anapima kama mashine ndogo ya kukaangia itaingia. Jumatatu tunakwenda Matsue. Kaka wa Kobe, hesabu ya soya na umeme ya mwaka jana nimeipiga picha. Nikikutumia utanisaidia kuisoma?